Nilivyomlisha Paka Niliyeapa Kumuua

Paka alining'ata nikiwa nimezamisha mkono mpaka begani kwenye pamba ya dada yangu, na kabla sijautoa nilikuwa nimeshaamua kwamba atakufa.

Nieleze kwanza mkono ulifuata nini huko. Kwetu, upande wa Dutwa, pamba ikishavunwa haina ghala. Inalala nyumbani. Watoto wanahamishwa chumba, pamba inamwagwa sakafuni mpaka inafika dirishani, na hapo inasubiri siku chama cha ushirika kitakapoanza kupima. Mwaka ule walichelewa kuanza. Pamba ikikaa muda mrefu, na kama kuna aliyevuna asubuhi kabla umande haujakauka, inaanza kupata joto kwa ndani. Juu unaiona nyeupe na kavu, chini inachemka na kugeuka njano. Kuitazama hakusaidii. Unazamisha mkono, unasikiliza kwa vidole. Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo. Mimi niliyeondoka nyumbani nikiwa na miaka ishirini, hiyo ndiyo kazi pekee ya pamba ambayo bado naifanya vizuri kuliko dada.

Nilikuwa na siku tisa tangu nirudi. Nilikuwa nimetoka Mpanda, kabla ya hapo Tunduma, kabla ya hapo Ifakara. Kila nikirudi najiambia safari hii nakaa. Harufu ya pamba kwenye chumba kilichofungwa, ile inayokaribia harufu ya mkate na ya vumbi, hunifanya niamini maneno yangu kwa wiki mbili hivi.

Basi nikazamisha mkono, nikahisi joto, nikafikiri: hapa kuna unyevu. Ulikuwa mwili wa paka. Akanibana chini ya kidole gumba kwa meno, akanichana kwa kucha mpaka karibu na kiwiko, kisha akaruka juu ya kichwa changu na kutokea dirishani.

Sitaki mtu amtetee. Hakuwa jike mwenye watoto. Lilikuwa dume la kijivu, sikio la kushoto limechanika, halina mwenyewe, linaiba dagaa nyumba hii na vifaranga nyumba ile. Lilikuwa limelala kwenye pamba ya watu, likaona mkono wa mtu ndiyo mgeni.

Dada alikuja mbio akiwa na unga mikononi.

"Kaka, nini?"

"Paka. Nitamuua."

"Paka hauawi kwangu hapa."

"Kwa nini hauawi?"

"Sijui kwa nini. Kwa wakwe zangu wanasema anayemuua paka mikono inamtetemeka mpaka uzee. Mimi naenda kanisani, siamini. Lakini kwangu hapa hauawi."

Nikaenda mpaka kwa fundi baiskeli, mahali ambapo habari haikai dakika tano bila kufika kila nyumba, nikatangaza: atakayeniletea mkia wa paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika, nampa jogoo. Jogoo mwenyewe ni yule niliyemletea dada zawadi. Sikuwa na mwingine.

Shemeji, mume wa dada, alirudi jioni kutoka kwenye ng'ombe, akakuta mkono umeanza kuvimba. Shemeji ni mtu mfupi, mwenye maneno mengi, na tangu alipomuoa dada yangu hajawahi kuniacha nipite bila kunichokoza. Na mimi vivyo hivyo. Ndivyo mashemeji wanavyoishi kwetu, hata kwenye msiba mnataniana.

"Wewe," akasema, "umelala Katavi na simba, hukuliwa. Umefika mpaka Tunduma kwa wezi, hukuliwa. Umekuja kuliwa Dutwa. Tena na paka!"

Akaingia ndani akatoka na jiwe la nyoka. Ni kipande cheusi, chepesi, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, alichoachiwa na baba yake. Kazi yake ni sumu ya nyoka na nge. Anachanja kidogo kwa wembe ili damu itoke, anaweka jiwe, linanata. Likishanyonya sumu yote linaanguka lenyewe, linachemshwa kwenye maziwa, linarudi kabatini.

"Paka ana sumu?" nikamuuliza.

"Mdomo wowote una sumu. Hata wako."

Likanata. Nikiri kwamba nilifarijika. Kuna faraja kuona kitu kimeshikilia mwili wako kwa nguvu zake chenyewe, kama kinajua kinachofanya. Nilikaa nalo siku mbili nikichonga rungu la mti wa mgunga, na kila nilipochonga nilimuona paka. Siku ya tatu asubuhi jiwe likaanguka kwenye uji wangu. Shemeji akatangaza nimepona.

Siku hiyo hiyo nilipita kwa fundi baiskeli kuuliza kama kuna aliyepata mkia. Mteja mmoja aliyetoka Kasoli, akisubiri tairi yake, alikuwa anasimulia kwamba huko kwao mbwa amepata kichaa. Ameng'ata ndama wawili, amepigana na paka wa gulioni, kisha amepotelea mashambani.

Nikaacha kuuliza habari ya mkia.

Nilipokuwa darasa la tano, baba yangu mdogo aling'atwa na mbwa akichunga. Kidonda kilipona vizuri, tukakisahau. Kama mwezi na nusu baadaye akaanza kulalamika kwamba pale pa zamani panawasha. Siku ya nne walimfunga kwenye nguzo ya zizi, yeye mwenyewe akiwaomba wamfunge. Alitaka maji. Mama alimpelekea kikombe, na kikombe kilipokaribia, koo lake lilikaza, akapiga kelele, akalia, kisha akaomba tena maji. Mbwa yule hakuwahi kupatikana. Wanaume walimtafuta na mikuki kutwa nzima, na mimi nikiwafuata nyuma nikiwa na jiwe mkononi, jiwe ambalo sikupata pa kulitupa. Nadhani nimetembea nalo tangu siku ile. Paka huyu angelipa na la mbwa yule.

Nikachukua baiskeli mpaka zahanati. Daktari alikuwa msichana mdogo ambaye angeweza kuwa binti yangu.

"Umeng'atwa lini, baba?"

"Juzi ile. Leo siku ya tatu."

"Na siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa na jiwe."

Alifunga macho kidogo. "Baba, hilo jiwe ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Una vitundu, unanyonya majimaji, ndiyo maana unanata. Weka kwenye ulimi wako, utanata pia. Na huyo aliyekuchanja wembe amekuongezea kidonda juu ya kidonda."

Akanikalisha kando ya ndoo yenye bomba, akaniosha mkono kwa kipande cha sabuni, robo saa nzima kwa saa ya ukutani, bila huruma. Alisema nilipaswa kufanya hivyo dakika ile ile niliyong'atwa, kabla hata ya kumtukana paka.

"Paka yupo?"

"Yupo. Nimeahidi jogoo kwa atakayeniletea mkia."

Aliacha kuosha. "Mkia?"

"Mkia."

"Baba, nisikilize. Sindano unaanza leo hii hii, Bariadi, hapa kwetu hazipo. Usisubiri. Lakini paka naye anatakiwa awe hai, afungiwe, aangaliwe. Paka mwenye kichaa kwenye mate yake hamalizi siku kumi. Siku ya kumi ikifika tangu akung'ate, bado anakula na kunywa, basi siku ile hakuwa nacho, na sindano zitakazobaki tutaziacha. Akifa au akipotea, unachoma zote, na mimi nitakuwa sijui nikuambie nini."

Nikatoka nje nikampigia dada. Simu haipatikani. Nikampigia shemeji.

"Shemeji!" akapokea kwa furaha. "Andaa jogoo. Nimemshika mwenyewe, yuko kwenye gunia. Nanoa panga hapa."

"Usimguse!"

"Unasemaje?"

"Usimguse huyo paka! Mpe maji! Mpe dagaa! Shemeji, nakuomba, akipata hata mkwaruzo mimi nimekwisha!"

Kisha nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Kichaa kimeshaanza. Anaomba paka apewe dagaa."

Niliporudi kutoka Bariadi na sindano ya kwanza begani, paka alikuwa chini ya tenga la kuku, kando ya jiko, na jiwe la kusagia juu yake ili asilipindue. Alinitazama. Nilimtazama. Siku tatu zilikuwa zimepita. Zilibaki saba.

Sijawahi kumtunza mtu kama nilivyomtunza adui yule. Dagaa wa asubuhi, dagaa wa jioni, kichwa cha samaki siku ya gulio. Nilimsukumia kwa kijiti kupitia kwenye matundu ya tenga. Nilibadilisha maji mwenyewe na kukaa kumuangalia anavyoyalamba, nikihesabu jinsi ulimi ulivyotoka na kurudi. Akipiga miayo, nilitafuta povu mdomoni mwake. Aliposhindwa kumaliza dagaa siku ya tano, sikula na mimi. Na katikati ya huo ulezi wote nilikuwa namwambia kwa sauti ya chini: kula, bwana mkubwa, kula ushibe, ishi siku zako kumi. Ya kumi na moja ni yangu. Nilikaa mbele yake nikilisugua rungu kwa kipande cha chupa mpaka likang'aa. Nilitaka alijue.

Shemeji alikuwa na sherehe yake. Kila asubuhi alianza na tenga.

"Mwangaluka, mgonjwa!" anamsalimia paka. Kisha ananigeukia. "Mwangaluka na wewe, mgonjwa wa pili. Nani kati yenu ameanza kutoa mate?"

Watu wakicheka, na mimi nacheka. Mimi pia nimemsema sana maishani, hasa ufupi wake, hasa mbele ya ng'ombe wake. Lakini siku ya saba, nyumba ikiwa na majirani waliokuja kusaidia kuchambua pamba, safi huku na chafu kule, alichota maji kwenye kikombe, akaja nacho polepole mpaka usoni kwangu, mkono mwingine ameuinua kunyamazisha watu.

"Tulieni," akasema. "Hebu anywe tumuone."

Aliyajua ya baba yangu mdogo. Dada alimsimulia habari ya zizi na kikombe kabla hata hawajaoana. Nilimuona dada anainamisha uso kwenye pamba. Nilikunywa yale maji yote, nikamrudishia kikombe, watu wakapiga makofi. Na kuanzia pale nilikuwa na watu wawili wa kuwalipiza, si mmoja. Sikujua bado namna. Paka nilimjua namna yake. Shemeji nilimuweka moyoni nikamsubiri.

Sikusubiri sana. Siku ya tisa, mchana, alikuwa amechuchumaa mbele ya tenga anamchokoza paka kwa kidole, anaingiza anatoa, anaingiza anatoa.

"Ona, anacheza. Huyu ana akili kuliko wewe, anajua mtu wa ku..."

Hakumaliza. Alirudi nyuma akakaa chini, kidole kinatoka damu. Na hapa ndipo naomba msomaji aangalie pamoja na mimi alichofanya. Hakuingia ndani kufuata jiwe. Alikimbia moja kwa moja kwenye karo, akashika sabuni ya dada ya kufulia, akawa anasugua kidole na kusugua, akipiga kelele aletewe maji mengine, mengine, mengine. Aliosha zaidi ya robo saa. Baba yake alimuachia jiwe lile akiapa kwa jina lake, yeye mwenyewe amewawekea nusu ya kijiji, na ilipofika zamu ya kidole chake aliita sabuni.

Nilisogea nikasimama juu yake.

"Shemeji, nikuletee jiwe?"

"Achana na mambo ya jiwe."

"Linanyonya. Siku mbili tu."

"Nimesema achana nayo!"

Basi jiwe lilikuwa la mkono wangu tu. Nililifikiria hilo jioni nzima. Si kwamba alikuwa mjinga. Ujinga ningemsamehe. Mahali fulani moyoni alijua, akanichanja na wembe hata hivyo, kwa sababu haukuwa mkono wake.

Tulipomaliza kula alisema, bila kunitazama, "Huyo paka sasa asiguswe. Na mimi naanza siku zangu kumi."

"Kesho ni ya kumi yangu," nikasema. "Keshokutwa niliapa."

"Kaka, usianze," dada akasema.

"Sijaanza mimi."

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia, "unaelewa lakini. Wewe kuliko mtu yeyote unaelewa."

"Naelewa," nikasema. Nikaliweka rungu mezani, nikaanza kulifuta kwa kitambaa.

Asubuhi ya siku ya kumi paka alikula vizuri. Alikunywa. Alijilamba mguu. Nilikuwa mzima, sikuwa nakufa, na nilidhani ningefurahi zaidi ya vile. Shemeji alipanda basi la Bariadi kufuata sindano yake. Dada alikwenda shambani kung'oa miti ya pamba. Sikuingoja ya kumi na moja: nikafunga tenga chini kwa kipande cha gunia na kamba, nikalipakia kwenye baiskeli, nikalichomeka rungu juu yake, nikaondoka. Nilihakikisha nimepita kwa fundi baiskeli.

Nilivuka majaruba ya mpunga mpaka kwenye vichaka ambako hakuna nyumba. Nikalishusha tenga, nikashika rungu. Nisingependa kusema mkono ulitetemeka, haukutetemeka. Paka alikuwa amejikunja chini, manyoya yamelala vizuri, amenenepa kwa dagaa wangu. Ningeweza. Lakini nikapiga hesabu yangu. Kumuua paka ni kitendo cha sekunde kumi, na yeye hata asingejua ni kwa ajili ya nini. Shemeji kuamini paka ameuawa ni siku nzima, na angejua kila dakika yake. Nikachagua kile kirefu.

Nikazima simu. Nikakaa chini ya kichaka, nikala mhogo wa kuchoma, paka nikampa dagaa, tukapitisha mchana pamoja. Niliwaza Ifakara, niliwaza mto mmoja ninaoupenda huko, lakini zaidi niliwaza basi la kutoka Bariadi linafika saa ngapi, na anatembea dakika ngapi kutoka stendi, na nani pale kwa fundi atakuwa wa kwanza kumwambia. Nilimuona akifika kando ya jiko. Nilimuona akianza kukumbuka kila alichowahi kusikia juu ya koo linalokaza. Ilikuwa tamu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi jua likiwa bado juu ya paa. Alikuwa amekaa chini pale pale tenga lilipokuwa, mgongo ukutani, kidole kimefungwa kitambaa cheupe. Kikombe cha maji kilikuwa kando yake, kimejaa. Hakuwa amekinywa, na nikaelewa kwamba alikuwa amekaa nacho muda mrefu akiogopa kukijaribu. Dada alisimama mlangoni. Alikuwa amelia.

Nikalishusha tenga mbele yake. Paka akalia mara moja.

Shemeji aliinama akatazama kwenye matundu, kwa muda. Kisha akachukua kile kikombe akanywa, mikono miwili, maji yakimwagikia kifuani.

"Umefurahi?" dada akaniuliza.

"Nimefurahi."

"Basi vizuri."

Nilingoja shemeji aseme neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote, nilikuwa nimeyapanga majibu yangu njia nzima. Alinyanyuka, akaenda kufuata dagaa.

Kesho yake niliondoka, nikapanda treni Malampaka. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniambia nikae. Paka alimaliza siku kumi za shemeji akiwa mzima, wakamfungulia, akaenda zake. Dada alinipa habari hiyo nikiwa Tabora, kwa ujumbe mfupi, na kwamba pamba imepimwa, haikuwa imechemka.

Shemeji ni mdogo kwangu kwa miaka sita, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunisalimia kama watu wazima wanavyosalimiwa. Siku zote alianza na tusi. Nilipofika tena mwaka uliofuata, alinipokea begi getini, akaniwekea kiti kivulini, akamwambia dada mgeni aletewe maji ya kunawa. Nikamuuliza kama amerefuka. Hakucheka. Akanitazama kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

Sijaomba radhi, na sitaomba. Nikakaa kwenye kile kiti chao kizuri, nikasema marahaba.